Kichwa cha Mume Wangu

Wapo wanawake walioibiwa mume mzima, na redio yake na baiskeli. Mimi niliibiwa kichwa tu. Nasema niliibiwa kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule, na ingawa sasa nina wajukuu, bado sijapata neno jingine la kulitaja jambo lile bila kuudanganya moyo wangu.

Nilikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, kwenye hospitali moja ya Mbinga. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotufikia milimani, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda na magari yao hadi mlangoni kwa mkulima. Mume wangu, mtu wa Mapera, alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Msimu mmoja watu walipanga foleni mbele ya mizani yake hadi jioni. Msimu uliofuata alikaa ghalani peke yake, akisikiliza magari ya wengine yakipita. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwambia kama mwakani kazi itakuwepo.

Kichwa alikuwa nacho tangu ujana. Kipandauso. Kilianza na mistari inayomeremeta upande mmoja wa macho, kama bati jipya juani, alivyonieleza mwenyewe. Kisha nusu ya kichwa ilishikwa, akatapika, na mwanga ukawa adui yake. Zamani kilimjia mara mbili au tatu kwa mwaka. Mwaka ule ambao mizani ilikaa bure, kilimjia karibu kila wiki.

Sasa nieleze nilivyomuuguza, maana nilimuuguza kwa moyo wote. Mimi ni wa Chiwanda, ziwani. Kwetu mtu husimama ufukweni akaulizana habari za nyumbani na mwenzake aliye mtumbwini, wakaelewana, kwa hiyo sauti ninayo. Akianza kuumwa, nilileta taa karibu nimtazame macho. Nilimchua kwa dawa yenye harufu kali, kuanzia kwenye paji la uso hadi shingoni. Nilimuuliza, "Vipi sasa? Bado? Na hapa nikibonyeza?" Niliwaita akina mama wa jumuiya, tukasali rozari kwa sauti palepale kitandani. Nilimpikia mchuzi wa usipa ili apate nguvu, nyumba nzima ikanukia samaki. Na kwa kuwa kwetu kichwa kikiuma ni malaria, kipimo kiseme kisiseme, nilimchoma klorokwini kwa mkono wangu mwenyewe. Alijikuna mwili mzima siku mbili, kichwa kikiwa palepale. Maduka ya dawa ya watu binafsi nayo yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, na dawa tuliyozoea kuingoja miezi sasa ilikaa nyuma ya kioo ikitungoja sisi. Nilimnunulia vidonge vya maumivu, nikamtilia mfukoni, akawa anavimeza asubuhi na jioni.

"Ahsante, mama watoto," alikuwa akisema. Hakukosa kusema ahsante hata mara moja.

Basi mwezi wa Mei kichwa kikaacha. Wiki moja, mbili, mwezi. Nilifurahi, na mimi nikifurahi wilaya nzima hupata habari. Kwenye jumuiya niliwaeleza wenzangu jinsi nilivyokishinda: dawa ya kuchua, sala, usipa, na kutokata tamaa. Wawili walikuja nyumbani kuniomba niwaelekeze. Mume wangu alikuwepo, anakula ugali wake, macho kwenye sahani. Nikamwambia, "Si uwaambie mwenyewe?" Akasema ndiyo, amepata nafuu sana, na akaomba maji ya kunawa.

Mwezi wa nane matroni aliniita nimsaidie kuandaa taarifa ya robo mwaka. Wodi yangu haikuwa na kazi nyingi siku hiyo, akanipa daftari la chumba cha dharura nihesabu wagonjwa kwa magonjwa yao. Nikaketi na penseli. Malaria, kuhara, ajali ya baiskeli, kaungua na uji, malaria. Nikageuza ukurasa, nikakutana na jina la mume wangu.

Mara ya kwanza nilidhani ni mtu wa jina lake, maana majina yao huko Mapera yanafanana. Lakini kazi ilikuwa karani wa mizani. Katika safu ya ugonjwa paliandikwa kipandauso. Nikaendelea kugeuza kurasa. Nilimkuta mara nane tangu Mei. Saini ya aliyemhudumia ilikuwa ya mtu mmoja, mara zote nane. Pembeni, penye mara ya pili, aliandika kwa mwandiko mzuri mdogo: ameshauriwa aache vidonge vya dukani, vinazidisha kichwa.

Vidonge vyangu!

Mwenye saini ile alikuwa nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kondoa, Mwislamu, mrefu, asiye na mume, mwenye sauti ambayo ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo dada," na mimi niliitika marahaba, ingawa nilimzidi miaka mitano tu na nilijua anaongeza heshima ili nionekane mzee. Ndivyo nilivyoanza kufikiri siku ile. Shikamoo zake zote za miaka miwili nikazirudia kichwani na kuzikuta zina sumu.

Nikaenda kwa mlinzi wa getini, kwa kisingizio cha kuuliza maji. Nikamtupia, "Hivi shemeji yako leo amepita?"

"Leo bado," alinijibu. "Lakini siku hizi akija anatembea mwenyewe. Zamani alikuwa akishika ukuta." Kisha akaona uso wangu, akaanza kulaumu baridi.

Kwa hiyo mlinzi alijua. Mpishi alijua, maabara walijua, matroni aliyenipa daftari labda alijua pia. Wodi ya wazazi iko nyuma kabisa, na akina mama wanaojifungua hawakuachi usikie kitu kingine. Mume wangu aliingia kwa mbele na kutoka kwa mbele, na mimi kule nyuma niliwasimulia watu nilivyomponya.

Wivu ni kazi ya kutwa, asikudanganye mtu. Nilinusa mashati yake. Yalinuka spiriti na sabuni ya hospitali, na hata hilo halikunisaidia, kwa sababu na mimi nilinuka vivyo hivyo. Nilimtazama akilala. Nilimtazama yule mwanamke akitembea uani, nikahesabu uzuri wake, nikaona mguu wake mmoja unaelekea nje kidogo, nikafarijika hadi saa sita mchana. Lakini kumuuliza mume wangu sikumuuliza. Nilitaka nimkamate.

Nikamwomba matroni wiki mbili za chumba cha dharura, nikasema nimechoka na watoto kulia. Alikubali. Nesi wa Kondoa akapewa mapumziko yake, akawa anashinda kwenye nyumba za watumishi nyuma ya hospitali. Nikapanga maneno. Nilikuwa nayo mengi na nilikuwa nimeyaweka kwa mfuatano.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, jua la kipupwe likiwaka bila joto, alikuja. Alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, bega lake likiukwaruza ukuta. Uso umemparara, midomo mikavu. Alifika mlangoni akasimama. Kwa jicho moja lililobaki alinitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu, kisha akanitazama tena.

Akageuka, akaondoka.

Nimezalisha wanawake wengi na nimeona watu wakikimbia mengi, lakini sijaona mgonjwa wa namna ile akiikimbia sindano iliyo mbele yake. Nilimfuata. Alifika kwenye ua wa michongoma karibu na geti, akatapika, akaketi chini na kichwa mapajani.

"Unakwenda wapi?" nilimwambia. "Mimi si nesi?"

Aliinua mkono kama anayejikinga na kitu kinachomwangukia. "Pole pole, mama watoto. Nakuomba."

"Mbona nimeongea pole pole. Twende ndani nikuchome."

"Yuko wapi?"

"Nani?" Nilijua nani.

Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye lile jicho la kushoto, na sikujua kama yameletwa na kichwa au na mimi. Niliinama nimshike begani. Bega likajivuta. Halikujivuta kwa hasira, lilijivuta lenyewe, kabla hajapata nafasi ya kulizuia, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi. Dawa zote alizozitumia yule mwanamke zilikuwa kabatini kwangu, na ufunguo mfukoni. Ningeweza kumwambia achague, mkono wangu au aende nyumbani na kichwa chake. Nilikaribia sana kulisema. Kisha akatapika tena, na safari hii hakukuwa na kitu cha kutapika.

Nikaenda kumwita nesi wa Kondoa. Nilivuka uwanja kwa miguu yangu mwenyewe, nikamkuta anaanika nguo. Nikamwambia, "Mgonjwa wako amekuja."

Alijifuta mikono kwenye khanga, akavaa viatu. Hakuuliza ni yupi. Nilitembea nyuma yake nikimchukia kwa kutouliza.

Alimwinua kwa kumshika kiwiko, akamwingiza si kwenye chumba cha dharura bali kwenye stoo ya mashuka, jirani yake. Alimlaza kwenye godoro lililokuwa pale, na nikaelewa kuwa godoro lile halikuwa pale kwa bahati. Alimpima joto na presha. Alimwambia aguse kifua kwa kidevu, kisha ambinye yeye vidole kwa mikono yote miwili, ili ajue kwamba ni kichwa kilekile cha siku zote na si homa ya uti wa mgongo au kitu kingine kibaya. Yote hayo kwa mnong'ono. Akamchoma sindano ya kuzuia kutapika. Baada ya robo saa akampa aspirini iliyoyeyushwa majini, akamfunika macho kwa kitambaa chenye maji baridi. Nilitafuta muujiza wowote, sikuuona. Kila alichofanya nilifundishwa chuoni.

Stoo ilikuwa na dirisha dogo lisilo na pazia. Alilitazama, akanitazama. Alikuwa amezoea kufanyaje, sijui, labda alisimama yeye dirishani. Nikachukua blanketi, nikaliinua kwa mikono miwili na kuziba mwanga. Nilikuwa nimevua viatu mlangoni bila mtu kuniambia.

Kisha yule mwanamke akaketi kwenye kigoda, akampa mgongo, akaanza kukunja gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda. Hivyo tu. Alikunja vipande vya gozi akavipanga kwenye boksi. Nilimtazama mikono. Nilisubiri mkono mmoja utoke kwenye gozi uende kwenye shavu la mume wangu, nikasubiri hadi nikaanza kuomba utoke. Mkono ule ungemgusa, mimi ningejua la kufanya. Kwetu Chiwanda mambo hayo yana utaratibu wake, na mabega ninayo. Haukutoka. Hakugeuka hata kumtazama. Alimpa kimya chumba kizima, na mume wangu akakipokea, na nikaona mistari ya uso wake ikifunguka mmoja mmoja. Nimemzalia watoto wanne. Uso ule sikuwahi kuuona. Niliona wivu ulioniuma tumboni kama uchungu wa kuzaa, na hapakuwa na mtu wa kumpiga.

Muda ukapita. Mikono yangu ikaanza kufa ganzi.

"Dada," alisema mume wangu, macho chini ya kitambaa.

"Naam, shemeji."

"Mke wangu ameshaondoka?"

Yule mwanamke aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiogopa. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwepo, kwa mfuatano wake, na sauti ninayo, mnajua. Nilimtazama mume wangu pale godoroni. Alikuwa ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, shingo imekaza, anangoja jibu.

Nikaitikia kwa kichwa kumwambia nesi: ndiyo.

"Ameondoka, shemeji."

Akashusha pumzi ndefu, kichwa kikarudi kwenye mto, na baada ya kitambo kidogo nikamsikia amelala. Mimi nikaendelea kulishikilia blanketi.