Kikapu cha Kupeleka Baharini

Leo nilifungua mufuko wa chisense, vile visamaki vidogo vya ziwa Mweru, na harufu yake ya jua ikanirudisha kijijini kwetu Kabuta.

Kwenye ukuta wetu wa udongo mama alikuwa amebandika picha ya kalenda: bahari ya Ulaya, kanisa la kale, nyumba za mawe. Kila Kwaresima, tukianika samaki muchangani, tulipanga kwenda kule kula Pasaka. Yeye alichagua nyumba ya madirisha ya buluu. Mimi, ngazi za kuteremka mbio hadi majini.

"Hatuwezi kufika kwa batu mikono mitupu," alisema, akijaza kikapu.

"Mama, kule beko na samaki."

"Beko nayo. Lakini ya Mweru habana."

Alikaza kamba, akatundika kikapu chini ya picha. Pasaka ilipofika alikifungua, akawapikia wakimbizi waliovuka ziwa juma lile na nguo za mwilini tu. Walikula hadi kulamba vidole, na mimi sikuona kama tumekosa safari.

Sasa binti yangu ametupatia chumba kando ya bahari ile ya picha, cha juma la Pasaka. Amenikuta nafunga mufuko.

"Mama, kule samaki iko!"

Nimemushukuru mama kimoyomoyo, nikakaza kamba.