Kijigodoro cha Pamba Chini ya Laptopu

Mwaka Bariadi ilipotangazwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, vyumba vya kupanga vilikuwa adimu, nami nikabahatika kupata kimoja uani kwa Bi Anifa, mshona magodoro. Nilikuja kuandika habari za pamba. Habari hizo nimeshazisahau, ila yeye bado namkumbuka.

Alizaliwa Ujiji, akaolewa Bariadi na Maige, Msukuma aliyekuwa dereva wa lori la ushirika. Biashara ya pamba ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, lori la Maige liliegeshwa na halikuondoka tena. Misimu ile ya kukaa bure ndiyo iliyomfundisha mkewe isolo, bao la Wasukuma. Walicheza barazani kutwa nzima, yeye akishona, mume akingoja zamu yake bila kumharakisha. Maige alikuwa na neno moja tu la mafunzo: usipeleke kete zote mbele, bakiza nyumbani. Alipofariki, Bi Anifa aliweka ule ubao juu ya kabati.

Magodoro ya pamba hayana wateja kama zamani. Sponji linatoka Mwanza limefungwa kwenye nailoni, jepesi hata mtoto anaweza kubeba kichwani. Bi Anifa halisemi vibaya. Anasema tu kwamba sponji halimjui mtu. Godoro la pamba likilaliwa mwaka mmoja linachukua umbo lako, na ukisafiri kitanda kinabaki kinakukumbuka.

Kitanda cha namna hiyo kilikuwapo chumba cha pili. Kilikuwa cha mwanawe wa pekee, Nuruddin, aliyekuwa Guangzhou, China, akiwapeleka wafanyabiashara wa kwetu viwandani na kuwatafsiria bei. Mara ya mwisho alipokuja likizo alimwachia mama yake laptopu yake ya gemu, ndogo kama sinia la chai, nyeusi, yenye taa nyekundu chini ya herufi. Akamfundisha gemu moja la kujenga miji na kupanga majeshi, linalochezwa kwa zamu. Alidhani mama atachoka mapema. Kabla likizo haijaisha, mama alikuwa amemfunga, maana Nuruddin alipeleka kete zote mbele.

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, walicheza kwa modemu, yeye Bariadi na mwanawe huko ambako usiku ulikuwa umeshaingia. Pembeni ya kioo kulikuwa na kisanduku cha kuandikiana. Humo Nuruddin alisema mambo ambayo kwenye simu hayakutoka. Aliandika kwamba ameugua wiki nzima. Aliandika kwamba kuna binti wa Bujumbura anampikia maharage, na kwamba siku nyingine mji ule mkubwa unamtisha.

"Kwenye simu ni umekula, nimekula, basi," Bi Anifa aliniambia. "Kwenye gemu macho yake yako vitani, mdomo unasahau kujibana."

Ndipo mchuuzi mmoja wa Lamadi, Joakim, akarudi kutoka China na diski aliyopewa na Nuruddin. Lilikuwa gemu jipya, la aina ileile lakini kubwa zaidi. Nuruddin na wenzake walikuwa wamehamia huko, na lile la zamani hakuwa nalo tena. Kwa simu alimwambia mama yake ajaribu. Likigoma, basi, watakuwa wanasalimiana tu.

Bi Anifa aliniletea boksi nimsomee, maana maandishi yalikuwa ya Kiingereza na Kichina. Memori iliyotakiwa, mashine yake ilikuwa nayo kamili. Kadi ya picha ilipungua kidogo. Nilimwambia ukweli, kwamba imefika mlangoni ila haijaingia ndani.

"Aliyefika mlangoni hupiga hodi," akasema, akaweka diski.

Gemu lilifunguka. Muziki ukalia, mto ukatokea, na Bi Anifa akajenga mji wake wa kwanza akauita Lamadi. Feni ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Picha zikaganda, kioo kikawa cheusi. Alijaribu tena jioni ile, na kesho yake asubuhi. Ikawa hivyohivyo.

Akaipeleka kwa Mashimba, fundi wa simu na kompyuta karibu na stendi. Mashimba aliigeuza, akaikagua, akacheka.

"Mama Nuru, huyu ni ndama. Unataka kumfunga jembe la maksai?"

Hata hivyo aliipunguzia ubora wa picha, akaiacha mezani pake inacheza. Ikacheza. Ilicheza hadi adhuhuri, wateja wakajazana wakibishana mji ujengwe upande gani wa mto, na mmoja akasahau simu yake aliyoleta kutengenezwa. Bi Anifa aliifunga kwenye kitenge akairudisha nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani ilizima kabla hajajenga mji wa pili.

Mashimba akaja mwenyewe. Kwake inalima, alisema, kwa mama inalala. Bila shaka inadekezwa. Alisema kwa utani, akanywa chai, akaenda zake. Jioni akapita jirani, Nyamizi, mke wa mfugaji mmoja, aliyekuwa ameshazipata habari sokoni.

"Mwadila, mayu," alimsalimia mama kwa Kisukuma, kisha akaketi na kutoa hukumu bila kuulizwa. Maige hakuambiwa. Ubao wake wa isolo unakula vumbi juu ya kabati, huku mkewe anacheza mchezo wa wageni. Ateremshe ubao, aukogeshe, amwage na unga kidogo mlangoni.

Bi Anifa alijibu kwamba Maige atasomewa Yasini kama siku zote, na unga wa nyumba ile ni wa ugali. Lakini Nyamizi alipoondoka nilimwona amepanda kigoda, ameteremsha ubao. Aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta, shimo kwa shimo, polepole, kisha akauacha mezani.

Ijumaa ikafika. Aliswali alasiri, akaketi, akawasha. Niliisikia feni ikivuma, kisha nikasikia kimya. Nilitoka chumbani kumpa pole nikamkuta hasogei, mikono yote miwili juu ya laptopu kama anayempima mtoto homa.

Hapa inanibidi nieleze kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukiona. Nyumbani pale laptopu ile haikuwahi kukaa juu ya meza tupu. Nuruddin alipoondoka tu, mama yake aliishonea kijigodoro, kitambaa cha maua, kingo zimetiwa mshono wa mkono, ndani pamba nyeupe ya daraja la kwanza. Hakutaka chombo cha mwanawe kilale pagumu. Gemu la zamani lilikuwa jepesi, halikuichosha mashine. Hili jipya liliifanya ihema, na chini hapakuwa na pa kuhemea.

Bi Anifa alikiinua kijigodoro, akakileta puani. Harufu aliijua: harufu ya robota la pamba lililofungwa bichi, linalochemka ndani kwa ndani hadi kuungua.

"Godoro kazi yake ni kutunza joto," alisema taratibu. "Mwana ana homa, mimi namfunika."

Aliigeuza mashine. Matundu ya chini yalikuwa yamejaa nyuzi nyeupe za pamba. Alizitoa moja moja kwa sindano yake kubwa ya magodoro, ulimi katikati ya meno, nami nikashika taa ya simu. Kisha akatazama mahali pa kuilaza. Meza ilikuwa na ubao wa isolo, na ubao ule una mashimo yake yote. Akaitua juu yake. Alipowasha, upepo wa moto ulipita kwenye mashimo ukanigusa mkononi.

Mji wa kwanza ukasimama, na wa pili, akauita Mkula. Tulingoja. Feni ilivuma, ikatulia, ikavuma. Picha zilikuwa hafifu, ng'ombe kama viboksi vya kiberiti, miti vigogo vitupu. Lakini haikuzima. Kisanduku cha pembeni kikawaka.

"Mama, upo?"

Aliandika kwa kidole kimoja. "Nipo."

"Inalibeba?"

Akakitazama kioo, akaandika. "Inalibeba. Miti yangu haina majani."

Nikainama kukagua taa ya modemu. Nilidhani imekata.

"Kwangu majani yapo," Nuruddin akaandika. "Subiri nikusimulie."

Akaanza. Kaskazini ya Lamadi ya mama yake kuna msitu, una maua ya manjano juu. Mto unameta, kuna ndege weupe ukingoni. Ng'ombe wa mama huko Mkula wana pembe ndefu, mmoja ana baka jeupe kama yule wa babu. Mistari ilishuka mmoja baada ya mwingine, na Bi Anifa akaisoma akichezesha midomo, kidole kikiwa hewani.

Zamu ilikuwa yake. Hakuna aliyemharakisha.