Chumvi ya Kambini

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na nyumba yangu ya matofali ya kuchoma nimeijenga kwa asali. Simshukuru mtu, isipokuwa mdogo wangu. Kila mzinga niliorina, yeye alikuwa chini ya mti ameshika kamba.

Kazi hii ni ya watu wawili. Wa juu ana kienge cha moshi na kisu, anakata masega, anatia ndooni. Wa chini anaishusha ndoo taratibu kwa kamba iliyopitishwa kwenye tawi. Akiachia, asali ya mti ule imekwenda. Ndiyo maana huku kwetu mtu hapandi mti akashikiwa kamba na mtu asiyemwamini.

Kisha ukaja uchaguzi. Mimi niko chama kile kile tangu ujana wangu, nikagombea uenyekiti wa kitongoji. Mdogo wangu alikuwa amehamia upande wa pili. Sikumkataza, ni mtu mzima ana wajukuu. Lakini siku ya mkutano alisimama mbele ya majirani akasema, "Kaka yangu mnamjua. Hodari wa nyuki, na hodari wa kuwapigia makofi wakubwa."

Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nilishinda, ila kicheko kile kilikuwa kimeshaniingia. Nikamwambia aiondoe bendera yake kwenye mji wa marehemu baba. Akaiondoa, na yeye akaondoka nayo, akajenga ng'ambo ya barabara.

Tangu hapo tukaishi kwa kutumiana salamu. Msibani tulikaa mikeka tofauti. Shikamoo yake niliipata kwa mke wake, na marahaba yangu ikarudi kwa huyo huyo. Siku moja shemeji akaniambia amechoka kuwa posta. Afanyeje? Mimi ndiye mkubwa, siwezi kuanza.

Msimu wa kurina ulipofika nilimwomba shemeji amwambie naingia porini, upande wa Usinge. Jibu halikuja. Nikafunga unga, maharage, michembe ya viazi vilivyokaushwa na chumvi, nikapanda pikipiki ya kukodi peke yangu. Jioni, kwa mazoea, nilisonga ugali wa watu wawili. Mwingi ulibaki.

Asubuhi nilifika kwenye mti wa kwanza nikamkuta amekaa juu ya gogo, anaikagua kamba pingili kwa pingili. Hakuniamkia, sikumuuliza. Nikapanda. Tulifanya kazi mpaka jua likaegemea, na maneno yetu yalikuwa ya kazi tu: shusha, ngoja, tayari. Kamba haikuteleza hata kidogo. Kule juu, nyuki wananguruma masikioni, nilipata utulivu ambao kijijini sikuwa nao tangu ule mkutano.

Nikajua jioni atakuja kwenye moto wangu. Safari hii ugali wa wawili niliusonga kwa kusudi. Yeye akawasha moto wake upande wa pili wa kijito, akabandika kisufuria chake. Baadaye akavuka.

"Kaka, una chumvi?"

Neno kaka nilikuwa sijalisikia kinywani mwake muda mrefu. Nikampa pakiti nzima.

"Ugali umeiva," nikamwambia.

"Na wangu pia."

Alisimama kidogo akiitazama ile sufuria yetu ya siku zote, kisha akarudi kwake.

Ikawa hivyo mpaka tukamaliza miti yote. Mchana kamba moja, jioni mioto miwili. Maharage yangu niliyala bila chumvi, sikwenda kuidai. Usiku ukiingia nilimsikia akikohoa, naye bila shaka alinisikia mimi.

Siku ya mwisho niliamka nikakuta moto wake umezimwa kwa maji. Ndoo zangu alikuwa amezipanga kivulini, amezifunika majani mabichi nyuki wasizifuate. Juu ya gogo la kando ya moto wangu, mahali nilipozoea kukaa, aliiacha chumvi iliyobaki, imefungwa vizuri kwa ukanda wa gome.

Nikaitia mfukoni, nikakaa kungoja pikipiki.