Koti la Kijivu la Aboubacar

Ukitaka kumjua Aboubacar, usianze na uso wake, maana hakuna anayeutazama. Anza na miguu yako mwenyewe. Fika na kambambili, vidole nje, kwenye mlango wa ile restora ya juu Kinanira, yenye vitambaa vyeupe mezani na ziwa lote chini yako, uone Valéry wa mlangoni atakavyokupima kutoka vidoleni kwenda juu, kisha atikise kichwa. Mwanamume bila koti na viatu vya kufunika haingii. Na meza uliyoiweka kwa simu wanakuchungia robo saa tu. Ikipita wanakaa wengine, hata ukitaja jina la mjomba wako mkubwa serikalini.

Hapo ndipo Valéry hunyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha fundi viatu. Mbele Aboubacar anashona soli. Nyuma yananing'inia makoti ya kukodisha, na chini yake viatu vyeusi vinavyong'aa. Mimi nauza karanga pembeni yake, na sijaona mchezo mtamu kama ule. Wakubwa wanaingia wameinama, wanatia mguu mahali palipokauka jasho la mwenzao, wanatoka wameinua kidevu. Mimi nilikuwa nawacheka waziwazi. Aboubacar hakucheka.

"Mutu akivaa yangu, ile ni siri yake," aliniambia.

Kazi yake aliiheshimu kuliko ilivyomheshimu yeye.

Hadji Radjabu naye alipita hapo. Ni muuza vipuri vya magari, na mji mzima unajua suti zake zinatoka Dubai, kwa sababu hachoki kutuambia. Ijumaa hiyo alikuja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu na sandali, na wageni wake Wazungu wameshakaa mezani. Valéry akamkatalia vilevile. Basi Hadji akavuka barabara kwa hasira, akanyoosha mikono nyuma kama mtoto anayevishwa, na Aboubacar akamvalisha koti la kijivu lenye mistari juu ya kanzu yake. Hakumtazama hata mara moja aliyekuwa anamvisha. Aliporudi alilitupa koti kwenye kigoda, likiwa limeungua kwa sigara kwenye mkono wa kulia, pale karibu na kiganja. Pole hakusema. Aboubacar alilishona tundu kwa uzi alionao, ule mnene wa viatu wenye nta, na kovu likabaki limetuna.

Sasa, Aboubacar ana binti mmoja, Raihana, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki. Wachumba wawili walikuwa wamekuja kwao Nyakabiga, na wote wawili walipotea waliposikia baba ni fundi viatu. Wa tatu hakupotea. Aliitwa Jimmy, alimpenda kweli, na kilichobaki ni baba yake kusema ndiyo. Baba yake ni Hadji Radjabu. Aboubacar aliposikia jina hilo alimaliza kwanza soli aliyokuwa anashona, kisha akasema Alhamdulillahi. Kwake yaliyopita kibandani yalibaki kibandani.

Kwetu hodi ya posa inapigwa kwa wenye binti. Hata mbuzi wa mtaani anajua. Lakini Hadji alituma salamu kwamba hashuki Nyakabiga kukalishwa kwenye viti vya plastiki. Ameshaweka meza Kinanira, Jumapili saa saba, waje huko wajuane. Mimi nilichemka. Nilimwambia Aboubacar akatae.

"Dada, mi nikikataa, mutoto wangu atakaa nyumbani mpaka azeeke."

Jumapili hiyo kulikuwa na sherehe ya komunyo restora nzima, na makoti yote yalikuwa yamechukuliwa tangu asubuhi. Lilibaki la kijivu, ambalo watu walikuwa wanalikataa kwa sababu ya lile kovu.

"Papa, ile ya bleu haiko?" Raihana aliuliza, amesimama pale na hijabu mpya.

"Iko kwa mutu."

"Basi vaa hii, tuende. Meza hawatatuchungia!"

Akalivaa. Yaliyotokea ndani niliyapata kwa Valéry, na baadaye kwa Aboubacar mwenyewe.

Aboubacar alimpa Hadji mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akajishika pale pale kwenye kovu, kama tunavyomsalimu mtu wa heshima. Hadji alifurahi sana. Uso ule hakuukumbuka, angeukumbukaje? "Huyu muzee ana adabu," alimwambia Jimmy. Wakala mukeke, samaki wa ziwani, na kila tonge la Aboubacar mkono wa kushoto ukiusindikiza wa kulia. Hadji akasimulia Dubai, Aboubacar akaitikia. Mpaka sahani zinatolewa, Hadji alikuwa ameshataja ndoa baada ya Ramadhani, na Raihana alikuwa anatazama chini ili watu wasione anavyocheka kwa furaha.

Kisha Hadji akataka kumkirimu mkwe mwenzake.

"Papa Raihana, we ndiye mukubwa hapa. Tufungie na dua."

Hakuna anayekataa heshima kama hiyo. Na dua inataka viganja viwili vilivyofunguliwa. Mtu haombi Mungu huku amejishika mkono. Aboubacar akainua mikono. Wote walifumba macho isipokuwa Hadji. Aliliona kovu, akaitazama ile mistari ya koti, akaitambua. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akamtazama Aboubacar usoni.

"Amina," akasema Hadji, na kahawa hakuiagiza.

Baada ya siku chache Jimmy alimletea Raihana jibu kwa simu: "Papa anasema mi siwezi kuoa kwa watu wa nguo za kukodi." Mlaaniwa yule! Yeye aliyelivaa akalichoma! Nilitaka kwenda dukani kwake nimwambie mbele ya wateja, Aboubacar akanishika kanga.

Raihana alikuja kibandani, na hapo ndipo nilipomwona Aboubacar akivunja neno lake kwa mara ya kwanza.

"Hata yeye aliivaa," alisema. "Ile tundu aliiweka yeye. Mi nilimuvalisha na hii mikono."

Msichana akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa unamuzulia Hadji uongo? Mutu wa suti za Dubai aje kuvaa vitu vyako? Ona haya, Papa."

Niliapa mbele yake kwamba niliona kwa macho yangu. Aliniambia niuze karanga zangu. Wiki hiyo alihamia Buterere kwa shangazi yake Asiya, kule maji ya mvua yanakoingia mpaka chini ya kitanda, na akasema bora hayo maji. Hajarudi. Baba yake humpelekea salamu kwa kila anayeenda huko, na salamu hazijibiwi.

Ramadhani ikaisha. Jumapili moja gari la Jimmy lilipanda tena Kinanira, Hadji amekaa mbele. Lingine likafuata, akashuka msichana mwenye mtandio wa kumetameta, mdogo, uso umejaa haya na furaha, na nyuma yake baba yake, mzee mpole aliyevaa sandali na shati la mikono mifupi. Hadji na kijana wake walikuwa wameshaingia. Valéry akampima mzee kutoka vidoleni, akanyoosha kidole.

Mzee akavuka kwetu, jasho linamtoka, anaangalia saa. Siku hiyo makoti yalikuwepo: la bluu, jeusi, la kahawia, yote yamepigwa pasi. Nilimwona Aboubacar akinyoosha mkono. Akalipita la bluu. Akalipita jeusi. Nilitaka kusema neno, kwa ajili ya yule msichana aliyesimama juani kumngoja baba yake, lakini nikainamia karanga zangu.

"Itanitosha?" mzee aliuliza.

"Inakutosha sana, muzee."

Akamfunga vifungo vya koti la kijivu kimoja kimoja, akamvuta mkono wa kulia wa koti, ule wenye kovu, mpaka ukakaa sawasawa juu ya kiganja.

"Na wakikuomba dua, usikatae," alimwambia. "Inua mikono yote mbili."