Kwenda Pemba Kutafuta Moto wa Boflo

Mzee Nassor, mwenye kiwanda cha mikate ya boflo ninachokanda unga mjini Unguja, alinipa usimamizi wa mazingira kwa sababu ya kelele zangu. Kila kuni za mikoko zikishushwa mlangoni, mimi nasema tunaimaliza mikoko pwani. Mwisho akachoka.

"Basi, Maryam, kazi ni yako. Nitafutie moto mwingine kabla ya Ramadhani. Ukikosa, nanunua tanuri la umeme, na nyinyi watu wa tanurini mtanisamehe."

Wenzangu wote wa tanurini wakanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza. Nilikuwa nimesikia kuwa Pemba wapo wanaopika majani ya mkarafuu kwa mvuke kutoa mafuta, kisha makapi wakayafanya kuni. Nikaomba ruhusa siku hiyo hiyo.

Asubuhi, uwanja wa ndege. Sikuwahi kupanda ndege maishani mwangu. Wakanipima kwenye mizani mimi na begi langu mbele za watu, nikaijutia chapati ya pili. Ndege yenyewe ndogo, nikakalishwa nyuma ya rubani, naona mpaka jasho la shingo yake. Ilipoinuka nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha. Bwana wa pembeni yangu alisoma dua njia nzima, sijui akiiombea ndege au akiniombea mimi.

Chake Chake. Nilipokewa na Bi Time, mwenye kiwanda cha mafuta, mama wa makamo mwenye kicheko cha karibu.

"Kumbe ndo weye mtu wa mazingira? Nilidhani wataleta mtu wa tai."

Kiwanda chake kiko nje kidogo ya mji. Pipa kubwa la chuma limeshindiliwa majani, mvuke unapanda, mafuta yanadondoka chupani. Majani yakishamaliza kazi huanikwa uani, yakikauka yanaingia chini ya pipa kuwasha moto wa mkupuo unaofuata. Hapakuwa na gogo hata moja. Furaha iliyonipanda haikuwa na adabu; nikamkumbatia Bi Time ambaye ndiyo kwanza nimjue.

"Lakini yataoka mkate?" nikamuuliza.

"Hilo sijui, mwanangu. Miye nauza mafuta."

Alasiri tukaenda Tibirinzi, kwa shemeji yake mwenye tanuri la boflo. Tulibeba magunia ya majani, nikawasha mwenyewe. Moto ukashika mara moja, na mimi kwa kiherehere changu nikaingiza mikate moshi haujaisha. Ikatoka imeiva, ina rangi, mashallah. Bi Time akamega, akanusa, akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Maryam, hili si boflo. Huyu bibi harusi katoka kusingwa."

Nikaonja. Singo tupu, kama lile analosuguliwa bibi harusi: karafuu puani, karafuu kooni, ulimi umekufa ganzi. Nilicheka naye, kisha nikajikuta nalia kweli. Nikamweleza habari ya tanuri la umeme na wenzangu wanaonisubiri.

"Unga umebaki?" akauliza.

"Umebaki."

"Sasa walia nini?"

Nikafikiri. Kumbe nilikuwa nayachoma majani kama tunavyochoma mikoko, na haya bado yana mafuta kidogo. Safari hii tukayaacha yateketee mpaka moshi ukakoma kabisa. Nikakomba majivu yote, nikapitisha gunia bichi sakafuni mwa tanuri, ndipo nikaingiza mikate. Ilipotoka, shemeji alikula boflo moja kwa chai. Akachukua la pili.

Siku ya pili nikarudi. Mfuko wangu wa majani na maboflo ulinukisha ndege nzima, mama mmoja akauliza nani anaolewa. Nikamjibu ni mimi. Abiria wakanipongeza, nami nikapokea pongezi zote.

Unguja, kiwandani. Nilimwekea Mzee Nassor maboflo yote mawili, lililoharibika na lililofaa, nikamweleza kila kitu. Wenzangu wamejazana mlangoni. Akaanza na lililoharibika, akafumba macho, akaomba maji. Kisha akamega la pili. Akatafuna taratibu, akamega tena.

"Mwambie huyo Bi Time aanze kukusanya majani," akasema. "Umeme utasubiri. Na wewe toka kwenye kukanda unga, kuanzia leo kazi yako ni huu moto."

Mlangoni pakalipuka vigelegele, na mpaka wanaume walipiga.

Nilichojifunza Pemba ni kidogo lakini kimenikaa. Niliwahubiria wenzangu habari za mikoko mpaka wakanikimbia. Siku niliyowapa boflo la moto mkononi, linanukia boflo, na kila mmoja akajua kesho anarudi kazini, hapo ndipo waliponiuliza wenyewe: "Maryam, hayo majani yanawashwaje?"