Ampea Tano za Pasi ya Mama

Harufu ya pamba yenye unyevu ikipigwa pasi ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu mtaani West Indies, mjini Eldoret, mwaka nilipoingia kidato cha pili. Mama alifulia watu mashati na kuyapiga pasi, na kwa mashati hayo ndiyo tulikula, tukavaa, tukasoma. Ploti nzima, wapangaji na mwenyewe, ilitumia mita moja ya stima. Mwenye ploti, Mama Chebet, alikuwa amepiga marufuku majiko ya koili, ila pasi ya mama aliivumilia shingo upande. Kisha baridi ya asubuhi ikamshinda, akajiwekea bomba la kuogea linalopasha maji kwa stima. Tangu hapo stima ikawa inakatika kila asubuhi, na lawama zote zikamwangukia mama.

Jumapili moja baada ya kanisa Mama Chebet alituita uani, wapangaji wote. "Mama Akinyi, hiyo pasi yako ndiyo inaangusha stima. Toa hiyo kitu kwa ploti yangu, ama uhame nayo." Majirani wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu eti kila mtu alijua kwamba kinachochoma vidole ndicho kinachokula stima. Mama aliinama tu. Mimi nilikasirika hadi masikio yakaniwaka. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani, na ukizizidisha unapata nguvu kwa wati. Nikaokota kipande cha makaa, nikaandika kwenye ukuta mweupe wa Mama Chebet, mbele ya macho yake. Pasi ilikuwa na kibandiko: volti 240, ampea 5. Hizo ni ohmu 48, wati 1,200. Katoni ya lile bomba alikuwa amempa kuku aatamie mayai ndani yake. Nikamsogeza kuku, akanidonoa, nikasoma hivyo hivyo: volti 240, ampea 20. Ohmu 12, wati 4,800.

Mama Chebet akacheka. "Si mmeona? Pasi ni arobaini na nane, yangu ni kumi na mbili. Gani ndiyo kubwa?"

"Hiyo ni ile inazuia stima, Mama. Ikizuia kidogo, stima mingi inapita. Na swichi kubwa ya ploti imeandikwa ampea ishirini. Bomba yako peke yake imemaliza zote. Kesho pasi ikae baridi, tuone."

Kesho yake pasi ilikaa baridi. Mama Chebet aliingia kuoga, jirani akawasha birika la chai, na ploti yote ikawa giza. Alitoka amejifunga leso, povu shingoni, akasema mimi sina adabu na lazima nimwombe msamaha. Mama akaniambia niingie ndani. Stima iliporudi, akachomeka pasi, akaacha mlango wazi ili kila mpita njia amwone. Hatukuhama.

Siku hizi naishi kwenye nyumba yenye mita yake, na hakuna anayeniuliza nimechomeka nini. Lakini kazini bado nakutana na watu wanaoamua makosa ni ya nani kwa kumtazama mtu asiye na wa kumtetea. Huwa nawaambia waniletee namba, wao huniita mkaidi. Mama amezeeka, na kila nikimtembelea hunisihi nipitie kwa Mama Chebet nimalize yale maneno ya msamaha. Mimi huenda, huketi, hunywa chai yake, na huondoka bila kuyasema.