Pumzi ya Mukaka Mgongoni Mwangu

Asubuhi hii, katika hospitali moja ya Butembo, nilibonyeza mguu uliovimba wa mama mzee kutoka Kanyabayonga. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Nimehitimu uuguzi juzi tu, kwa hiyo nilibonyeza tena, na tena, nikihofia nimekosea. Lakini shimo lile nililijua kabla ya shule yoyote.

Lilikuwa miguuni mwa mukaka, bibi yangu, kule Rughenda, kando ya uwanja wa ndege. Ungelipenda jiko lake, rafiki: moshi, harufu ya sombe ya majani ya muhogo, ndege ndogo zikishuka hadi sufuria zinatetemeka. Kila jioni nilimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, nikibonyeza pale palipovimba na kutazama mashimo yakijaa polepole. Yeye alicheka. Mimi nilidhani ni mchezo. Hadi leo najiuliza kama nilimwumiza.

Jirani yetu, muganga wa kituo cha afya, alikuwa ametuambia kwamba moyo wake umechoka: asile chumvi, na alale ameegemea mito, kamwe asilazwe chali. Chumvi tuliificha juu ya kabati. Wageni hatukuweza kuwaficha.

Akina mama wa kikundi chake cha sala walikuja siku tatu mfululizo kumwombea, na kwetu hakuna anayemtembelea mgonjwa mikono mitupu. Walileta makayabo, samaki yule wa chumvi. Kukataa chakula cha mgeni, mukaka hakujua. Alikula siku zote tatu.

Mchana wa tatu, katikati ya rozari, alianza kuhema. Mama mmoja mwenye sauti kubwa akaondoa mito.

"Mumulalishe muzuri, apumuzike!"

Walimlaza chali. Pumzi yake ikawa kama ya mtu anayezama. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua, lakini nilisimama pale nikipima: mtoto kuwakosoa wakubwa, tena katikati ya sala?

"Hapana kumulalisha," nilisema hatimaye, sauti ndogo. "Muganga alikataza."

"Eh! Wewe njo muganga sasa?" akanijibu yule mama. Wengine wakacheka. "Enda ulete maji akunywe."

Sikuenda. Nilipanda kitandani, nikamvuta mabega, naye akajisukuma hadi akakaa. Kisha nikageuka, nikaegemeza mgongo wangu kwenye wake, miguu nikaikaza ukutani. Alikuwa mzito. Kila pumzi yake ilipita mbavuni mwangu, na kati ya moja na nyingine nilingoja. Kicheko kikaisha. Yule mwenye sauti kubwa alikunja kitenge chake, akakisukuma kiunoni mwangu, kisha akakimbia kumwita jirani.

Muganga alipofika, alitazama sahani kwanza.

"Makayabo?"

Mama mmoja akaifunika sahani.

"Wewe," akaniambia, "hapana kutoka hapo mpaka gari ifike."

Hospitalini walimwokoa, na mukaka aliishi mavuno mengine mawili ya maharagwe. Jiko lile sasa ni depo ya saruji. Akina mama wale wametawanyika, wengine wamekwisha kuzikwa. Ndege bado zinashuka, ila hakuna sufuria za kutetemeka.

Leo nilimpandishia mama wa Kanyabayonga mito, nikahesabu pumzi, nikahesabu tena. Akanishika mkono.

"Mutoto yangu, shemeji analeta makayabo. Nitamukatalia aje?"

"Sema mimi njo nimekataa," nikamjibu. "Akasirikie mimi."

Mukaka hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Alikuwa na mgongo wangu tu.